Kubadilisha inteki ya gari: inalipa au unachoma hela? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanatoka kwa watu wa Altezza, IST, Mark X, Crown, Subaru, hadi wenye Hilux, na karibu wote wanaanzia sehemu moja: kuna mtu kawaambia gari "inabanwa pumzi", ifungwe inteki kubwa itaruka. Nimejibu kwa urefu pale panapohitaji urefu kwa sababu naona hela nyingi inapotea hapa, na mbaya zaidi naona injini nzima zinakufa kwa vumbi.

Inteki ni kitu gani hasa?

Ni njia yote inayopita hewa kutoka nje mpaka kwenye throto, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Ukifungua boneti anza pale nyuma ya taa au juu ya rejeta, kuna mdomo wa plastiki unavuta hewa, inaingia kwenye boksi la filta, inapita kwenye filta (gereji nyingi wanaiita eya klina), inapita kwenye sensa ya kupima hewa, inaingia kwenye bomba la mpira lenye mikunjo, ndo inafika kwenye throto. Watu wakisema "nimebadilisha inteki" wanaweza kumaanisha vitu vitatu tofauti: wameweka filta ya kuosha ndani ya boksi lile lile, au wametoa boksi lote wakafunga koni wazi (filta ya umbo la koni isiyo na boksi) ndani ya boneti, au wamefunga bomba refu linaloshuka hadi nyuma ya bampa kufuata hewa ya baridi. Bei ziko tofauti na madhara yako tofauti, kwahiyo kabla hujabishana na mtu muulize kwanza kafunga ipi.

Nipe jibu fupi, inalipa au hailipi?

Gari isiyo na turbo (feni inayosukumia injini hewa) ambayo unaendea kazini, hailipi. Gari ya turbo ambayo imeshatuniwa, yani hesabu za kompyuta yake zimebadilishwa itoe nguvu zaidi, au unaipeleka kutuniwa, inaweza kulipa, na hapo inaingia kwenye bajeti ya kazi nzima, haikai peke yake. Ukitaka sauti tu, hilo ni suala jingine na nalijibu huko chini.

Muuzaji kaniambia nitapata hospawa 15 hadi 20, inawezekana?

Kwenye IST, Altezza au Mark X ya kawaida, hapana, na unaweza kuhakikisha kwa hesabu bila kumwamini mtu yeyote.

Pale Dar, usawa wa bahari, hewa inakandamiza kwa kilopaskali 101 hivi. Injini isiyo na turbo inaingiza hewa kwa msaada wa huo mkandamizo tu, haina kingine. Sasa boksi la kiwandani likiwa na filta safi, ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, linapoteza kilopaskali 1 au 2 hivi njiani. Maana yake hata ungetoa kila kitu, injini ikavuta hewa moja kwa moja kutoka angani bila filta wala bomba, ulichokuwa unakidai ni asilimia 1 au 2 tu. IST yenye injini ya 1NZ-FE ina hospawa 109, asilimia 2 yake ni hospawa mbili. Huyo anayekuahidi 20 anakuahidi karibu asilimia 18 ya nguvu ya gari, yani anadai Toyota walijenga injini halafu wakaiziba pumzi karibu moja ya tano wakaiuza hivyo. Haiingii akilini.

Kama gari yako ina sensa ya presha kwenye manifoldi unaweza kujipimia. Washa swichi bila kuwasha injini, soma namba kwa kifaa cha kusoma sensa (nakitaja mwishoni), hiyo ndo presha ya hewa ya nje. Halafu sehemu salama, gia ya pili, kanyaga mpaka chini uangalie namba ikiwa mizunguko mingi. Tofauti ya hizo namba mbili ndo yote iliyopotea njiani, na hapo ndani kuna mchango wa throto yenyewe pia. Utakachookoa kwa inteki ni kipande cha hiyo tofauti, hakiwezi kuzidi hapo.

Mbona mimi nilifunga na nahisi kabisa gari imekuwa nyepesi?

Sikatai kwamba unahisi. Kuna mambo matatu yanaenda pamoja. La kwanza sauti, ukitoa boksi unasikia injini inavuta hewa, na sikio linatafsiri kelele kama mbio. La pili fundi alitoa terminali ya betri wakati wa kufunga, kontrol boksi (kompyuta ya injini) ikasahau ilichojifunza ikaanza upya, siku za mwanzo gari inabadilika tabia kidogo. La tatu ndo kubwa: filta uliyotoa ilikuwa imeziba. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani walipima hili mwaka 2009, wakakuta gari za kisasa zenye filta iliyoziba zikibadilishiwa filta safi zinachanganya, yani zinaongeza mwendo, vizuri zaidi kwa asilimia 6 hadi 11. Hiyo ni tofauti ambayo mguu unaisikia, ila waliipata kwa kuweka filta mpya tu. Kwahiyo kabla hujalipia koni, nunua filta mpya ya kawaida, endesha wiki moja, ndo ulinganishe.

Koni wazi ndani ya boneti ina ubaya gani?

Inavuta hewa ya moto. Hili watu wanalipita haraka wakati ndo kiini cha mambo yote.

Nguvu inategemea uzito wa hewa inayoingia, na hewa ikipata joto inakuwa nyepesi. Chukua hewa ya nje ya Dar nyuzi 30, halafu chukua ya ndani ya boneti, umekaa kwenye foleni Morogoro Road, feni ya rejeta inakupulizia joto kwenye koni, nyuzi 60 ni kawaida kabisa. Kutoka 30 hadi 60 hewa inapoteza asilimia 9 ya uzito wake. Yani umetumia hela kuokoa asilimia 1 au 2 ya mbano, ukapoteza 9 kwa joto. Juu ya hapo hewa ya moto inasogeza injini karibu na kugonga (mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda), kontrol boksi ikisikia inarudisha timing (muda wa plagi kuwasha) nyuma, nguvu inapungua tena.

Ukishashika mwendo barabara ya wazi hewa mpya inaingia na joto linashuka, hilo kweli. Ila lile boksi la plastiki ambalo watu wanalitupa kwenye kona ya gereji lilikuwa linavuta kutoka mbele ya gari nje ya joto muda wote, foleni au haiwei. Wale mainjinia hawakuliweka pale kwa bahati mbaya, na hata yale makopo ya ajabu yaliyobandikwa pembeni ya bomba yanazima mlio na mengine yanasaidia nguvu ya chini.

Basi nifunge ile ndefu inayoshuka kwenye bampa, si inavuta hewa baridi?

Hiyo kwa upande wa joto iko sawa, na ikitengenezwa vizuri ndo pekee yenye hoja kwenye gari isiyo na turbo. Bado utaongelea hospawa chache za juu huko kwenye mizunguko mingi, Altezza ya gia za mkono yenye hospawa 210 inazitoa ikiwa kwenye mizunguko 7,600, sasa jiulize wiki hii umefika huko mara ngapi.

Tatizo lake ni maji. Umeshusha mdomo wa injini ukawa sentimita chache kutoka lami, halafu unaishi mji ambao mvua ya masika ikikaza Jangwani panafungwa. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia kwenye silinda pistoni inapanda inakuta ukuta, koni rodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda au inatoboa bloku, na hapo hakuna cha kusafisha, ni injini nyingine. Huhitaji mafuriko makubwa, dimbwi moja ulilolichukulia poa linatosha. Anayekaa Dar, Mombasa au popote panapotuama maji mimi namwambia asifunge, full stop.

Itapunguza ulaji wa mafuta?

Hapana. Ukiwa unatembea kawaida throto imefungwa sehemu kubwa, yani wewe mwenyewe kwa mguu wako unaibana injini mara nyingi zaidi ya filta inavyoweza kuibana. Filta ikibana kidogo mguu unafungua throto kidogo zaidi, hewa ile ile inaingia, sensa inaisoma, mafuta yale yale. Ndo maana hao hao Oak Ridge hawakuona faida ya mafuta kwenye gari za injekta hata walipotoa filta iliyoziba. Gari ya zamani ya kabureta ni tofauti kidogo, huko walipata asilimia 2 hadi 6, lakini pia kwa filta safi ya kawaida.

Wenye koni wengi wanakula mafuta zaidi, sababu ile sauti ni tamu na mguu unaufuata.

Kuhusu vumbi, si filta zote zinachuja?

Zinachuja kwa viwango tofauti, na hapa naomba usome taratibu.

Vumbi la barabara zetu lina mchanga mchanga ndani yake, silika, kitu kigumu kinachosugua chuma. Kikipita filta kinaenda moja kwa moja kwenye kuta za silinda na ringi za pistoni, kingine kinaingia kwenye oili kinazunguka hadi kwenye beringi. Gari inaanza kula oili, kompresheni inashuka, miaka michache baadaye unaambiwa ovahoo na hukumbuki kabisa kama ilianzia kwenye filta.

Sasa mtu anakwambia hii inachuja asilimia 97 na ile ya karatasi 99, tofauti ndogo. Usiangalie kinachozuiwa, angalia kinachopita: 3 dhidi ya 1, hiyo ni mara tatu ya uchafu ndani ya injini yako kila kilomita. Filta ya karatasi ya kiwandani kwa kawaida inavuka 99, na ikishaanza kuchafuka kidogo inachuja vizuri zaidi kuliko ilivyokuwa mpya. Filta inayojisifia kupitisha hewa kwa urahisi mara nyingi imefanya hivyo kwa matundu makubwa, na zile koni za bei chee zisizo na jina hata kipimo hazina, wameandika tu rangi na neno spoti. Kuna kipimo cha kimataifa cha filta kinaitwa ISO 5011, kama muuzaji hawezi kukuonyesha matokeo yake basi hujui unanunua nini.

Anayetembea lami tupu Masaki hadi Posta anaweza kuvumilia. Anayekwenda shamba Kiteto, anayepiga njia za vumbi Shinyanga, Turkana, Kajiado, abaki na karatasi na boksi lake, tena aangalie kama klipu za boksi zote zinafunga.

Nitajuaje kama vumbi linapita?

Toa bomba la mpira baada ya filta, chukua kitambaa cheupe kikavu, pangusa ndani. Ukikuta unga mwekundu au wa kijivu, linapita. Mara nyingi sio karatasi yenyewe, ni ule mpira wa pembeni ya filta haujakaa vizuri, au filta feki fupi kwa milimita kadhaa, au boksi limepasuka, au fundi amesahau klipu moja. Na jambo jingine: acheni kupuliza filta ya karatasi kwa upepo mkali wa kompresa pale kituo cha mafuta. Nyuzi zinatoboka, kwa macho inaonekana safi kumbe imekuwa chekecheke. Igonge taratibu vumbi lidondoke, au ibadilishe.

Hizi filta za kuosha kama K&N zinazoingia kwenye boksi la kawaida je?

K&N wako toka 1969, California, sio kampuni ya uchochoroni, na filta zao zinadumu. Kama unakaa na gari miaka mingi na unapenda kuosha mwenyewe, ni matumizi yanayoeleweka. Usinunue kwa kutegemea mbio. Masharti ni haya: iache ikauke yenyewe kabisa kabla ya kupaka oili yake, na oili iwe kidogo, maana ukizidisha inaenda kutua kwenye sensa ya hewa. Wengi wanakosea hapo. Na nunua yenye uhakika, kopi zimejaa sokoni.

Nimefunga inteki na taa ya injini imewaka, kwanini?

Kwa sababu ya sensa ya hewa, ile wanayoiita MAF. Ndani yake kuna waya mwembamba unaopashwa joto, hewa ikipita inaupoza, kontrol boksi inaangalia umeme kiasi gani unahitajika kuurudisha kwenye joto lake, ndo inajua hewa imeingia kiasi gani na mafuta yawekwe kiasi gani. Hesabu yote hiyo imepangwa kwa upana wa bomba la kiwandani. Ukihamisha sensa kutoka bomba la milimita 60 kwenda la 70, upana wa njia umeongezeka kwa asilimia 36, hewa ile ile inapita taratibu zaidi mbele ya waya, sensa inaripoti hewa kidogo, mafuta yanawekwa kidogo. Ukitembea taratibu sensa ya oksijeni inarekebisha mpaka inafika kikomo chake, taa inawaka na namba ya kosa ya mchanganyiko mkavu, yani hewa nyingi mafuta kidogo. Ukikanyaga mpaka mwisho gari nyingi hazirekebishi tena, zinaenda na hesabu iliyoandikwa, na hapo ndo hatari ilipo.

Sababu nyingine ni ndogo ndogo: waya umechafuka na oili ya filta, bomba linavuja baada ya sensa, au sensa imefungwa kinyume. Kuna spirei maalum ya kusafisha MAF, usitumie kabu klina (spirei ya kabureta) wala mswaki.

Nina Forester ya turbo, jibu linabadilika?

Linabadilika, kwa tahadhari. Kwanza kabisa lile tundu la juu ya boneti halipeleki hewa kwenye filta, linapoza intakula (rejeta ya hewa inayotoka kwenye turbo), kwahiyo usitoe boksi ukidhani tundu litaipoza koni yako.

Turbo ikiwa ya kiwandani na presha ya kiwandani, kontrol boksi ina presha inayoitafuta, inteki ikibana kidogo turbo inazunguka zaidi kidogo inaifikia. Ukiilegeza inteki unapata kuchanganya mapema kidogo na sauti ya turbo, nguvu ya juu haibadiliki sana. Faida ya kweli inakuja ukipandisha presha au ukifunga turbo kubwa, hapo hewa inayohitajika imezidi kile boksi la zamani liliwekewa, na inteki inaanza kuwa kizuizi halisi.

Lakini injini za EJ, hizi za Subaru, hazisamehi mchanganyiko mkavu. Ukibadilisha bomba lenye sensa bila kutuni, ukakanyaga, inagonga, na pistoni za hizi injini zinajulikana kwa kuvunjika pale kwenye kingo za ringi. Unaanza kuona moshi wa bluu, oili inapungua, silinda moja haina kompresheni. Ongeza kwamba zile za Japani zilipangwa kwa petroli yao ya oktani kubwa kuliko ya pampu zetu, kwahiyo nafasi ya kukosea ilishakuwa ndogo. Kwenye Subaru ya turbo utaratibu ni mmoja: inteki na tuni siku moja, kwa mtu mwenye daino (mashine ya kupima nguvu ya gari) au anayejua kusoma logi (rekodi za sensa). Huna hela ya tuni, subiri na inteki.

Hilux ya dizeli?

Dizeli haina shida ya hewa, nguvu yake inaamuliwa na mafuta yanayopigwa. Inteki peke yake haikupi kitu. Weka filta nzuri, endelea na kazi.

Naishi Mbeya, gari imechoka, inteki itasaidia?

Gari haijachoka, ni mwinuko. Mbeya iko kama mita 1,700, Nairobi iko karibu na hapo, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 15. Gari isiyo na turbo inapoteza kiasi hicho hicho, na hakuna bomba litakaloirudisha hewa ambayo angani haipo. Hata kwenye mlima Kitonga ukitaka kupita lori, shusha gia injini izunguke, hiyo ndo dawa. Turbo inafidia sehemu kubwa, ndo maana watu wa milimani wanazipenda.

Snokeli je?

Hiyo naiunga mkono kwa anayeihitaji, yani Land Cruiser za porini na wanaovuka mito. Inapandisha mdomo juu ya maji na pia juu ya vumbi zito la gari la mbele, hata magari ya Safari Rally ya Kenya yamekuwa yakifungwa snokeli kwa sababu hiyo. Sharti lake ni kuziba kila kiungo hadi kwenye boksi, maana snokeli yenye tundu moja nyuma ya fenda ni pambo, maji yatapita hapo hapo.

Gari imekuja na koni ya HKS kutoka Japani, nirudishe boksi?

Kama ni ya kutembelea, ndio, tafuta boksi kamili la used la modeli yako pamoja na mdomo wake wa mbele na mpira wake, Ilala na Kariakoo yanapatikana. Kama gari imetuniwa kwa hiyo koni usiirudishe kabla ya kuuliza, utavuruga hesabu kwa upande wa pili. Na koni ya sponji iliyokaa miaka mingi sponji lake linaanza kumong'onyoka, vipande vinavutwa ndani, ishike kwa vidole uone.

Nataka sauti tu, kuna ubaya?

Hakuna. Ni gari yako na kuipenda sauti ni sababu halali. Basi itengenezee koni ukuta wa kuikinga na joto la injini, tumia koni yenye vipimo, acha bomba la sensa la kiwandani kama inawezekana, na usimwambie mnunuzi anayekuja kwamba imeongezeka nguvu.

Hela hiyo nifanyie nini badala yake?

Seti ya inteki ya jina kubwa inauzwa Marekani dola 200 hadi 400, hapo bado usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18 kwa Tanzania. Kwa hiyo hela unapata filta mpya halisi, plagi za iridium, kusafisha throto na MAF, na inabaki ya tairi mbili nzuri au breki pedi. IST iliyofanyiwa hivyo inaiacha IST yenye koni na plagi zilizochakaa, na inasimama mapema pia.

Nimeshafunga, nitapimaje kama iko salama?

Chukua kile kifaa kidogo cha kusoma sensa, ELM327, unganisha na simu, angalia vitu viwili. Joto la hewa inayoingia: ukiwa unatembea lisizidi la nje kwa zaidi ya nyuzi 10 hivi, na kwenye foleni ulione linapanda hadi wapi. Halafu fyueli trimu ya muda mrefu, yani asilimia ya mafuta ambayo kontrol boksi inaongeza au kupunguza: ikikaa kati ya jumlisha na toa 5 uko vizuri, ikifika jumlisha 10 na kuendelea injini inalia njaa ya mafuta, usikanyage mpaka mwisho kabla hujajua kwanini. Pangusa bomba kwa kitambaa kila ukifanya sevisi. Na boksi la zamani usilitupe wala kumwachia fundi, lifunge kwenye mfuko uliweke ndani, siku moja wewe au atakayenunua gari mtalihitaji.